Mwanamke Aliyepinga Majibu Sahihi

Binti yangu alipokuwa kidato cha tatu alisimama katika darasa langu, mbele ya wenzake wote, akaniambia kwamba mstari wa tatu ubaoni una kosa. Nilimwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia aangalie tena. Akasema ameshaangalia. Nikageuka kuutazama ubao. Alama ya kutoa niliyoihamishia upande wa pili ilikuwa imebaki alama ya kutoa, pale ilipopaswa kuwa ya kujumlisha. Alikuwa sahihi.

Mtoto huyo, mwaka uliotangulia, alikuwa hawezi kutaja saba mara nane bila kunitazama usoni kwanza. Ningependa kuandika kwamba nilichosikia siku ile ni fahari. Fahari ilikuja, ila ilikuja jioni, baada ya chakula. Kilichotangulia ni swali: nani amemfanya hivi? Na jibu nilikuwa nalo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka.

Wanafunzi walimwita mwalimu wa uani, nami nitamwita hivyo hivyo. Alifundisha tuisheni ya hesabu nyuma ya nyumba yake hapa Same mjini, mtaa wa pili kutoka kwetu, kwa miaka ambayo mimi nimekuwa mkuu wa idara ya hisabati shuleni. Sasa ameondoka, amepanda kuishi Suji, kwao milimani. Nakunda, binti yangu, amemaliza chuo kikuu, amesomea ualimu wa hesabu, yuko nyumbani anasubiri ajira kama wenzake wote. Mimi nilikwishazungumza na mkuu wa shule yetu, akakubali aje kujitolea katika idara yangu. Meza yake niliiweka kando ya meza yangu. Ndipo nikasikia sokoni kwamba mwalimu wa uani amemwachia Nakunda uani wake.

Naeleza ninachokijua juu ya mwanamke huyu, ili atakayesoma ajue ninashindana na nani.

*

Uani kwake kulikuwa na banda la mabati lililoegemea ukuta wa jikoni, mabenchi ya mbao, ubao uliopakwa rangi nyeusi na jiko la mkaa ambalo halikuzimwa. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya makande. Mwanafunzi aliyekuja na njaa alikula, aliyeshiba alisubiri. Wazazi wa Kihurio walimletea mchele, wa milimani tangawizi, na wale wasio na kitu waliwaleta watoto tu.

Mabati ya banda lile yalikuwa hayajapigiliwa sawasawa. Anayeujua upepo wa Same anaelewa maana yake. Kuanzia saa nane mchana yalipiga kelele kiasi kwamba mtoto aliyenong'ona hakusikika hata na aliyekaa naye benchi moja. Ilibidi waseme kwa sauti. Niliwahi kumwuliza kama aliyaacha vile makusudi.

“Fundi hajaja,” alinijibu.

Fundi aliishi nyumba ya jirani.

*

Tulianza naye katika shule moja. Miaka hiyo nilimfahamu kama mwalimu asiyesema. Katika vikao vya walimu alikaa karibu na dirisha akifuma vitambaa vya makochi, na kila jambo lililopendekezwa alilikubali kwa kichwa. Mimi ndiye niliyesema. Nilipendekeza mitihani ya kila wiki, akatikisa kichwa kukubali. Nilipendekeza wanafunzi wapangwe kukaa kwa alama zao, akatikisa kichwa tena. Kisha akatoka na kwenda kufanya alivyotaka darasani kwake. Hakuna aliyeweza kumshtaki, maana hakuna aliyewahi kumsikia akikataa.

Baadaye aliomba ruhusa akamuuguze mama yake Suji, na alipomaliza msiba hakurudi shuleni. Nilidhani amechoka. Nilimhurumia, tena niliwaambia walimu wenzangu kwamba namhurumia. Haukupita muda nikaanza kuona wanafunzi wangu wakimaliza vipindi na kukimbia, wala hawakimbilii nyumbani.

*

Njia yake ya kufundisha aliichukua kwenye dhihaka. Watu wa makabila mengine wanatucheka sisi Wapare kwamba tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wengi wetu tunacheka nao ili mambo yaishe. Yeye aliichukua dhihaka ile akaifanya mtaala.

“Tumetukanwa kwa hilo tangu babu zetu,” alisema. “Basi angalau litusaidie kufaulu.”

Uani kwake jibu halikutolewa tu. Lilifunguliwa kesi. Mwanafunzi aliyepata jibu alisimama kama mlalamikaji. Wanafunzi watatu walikaa benchi la mbele kama wazee wa baraza. Mwalimu mwenyewe alikuwa mpinzani, na kazi yake ilikuwa kulipinga jibu, hasa likiwa sahihi. Jibu lenye kosa hakulisumbua sana. Alimwacha mtoto aendelee nalo hadi ligonge ukuta. Lile sahihi ndilo alilolishambulia kwa nguvu zote, kwa hoja za uongo, kwa kejeli, kwa umri wake. Mtoto aliyeyumba na kubadili jibu lake sahihi aliambiwa neno moja tu: “Umeuza ng'ombe, na kesi umeshindwa.” Halafu mtoto alikaa.

Na wakati wote wa kesi mwalimu alimpa mtoto mgongo.

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Aligeukia jiko, akakoroga makande, akabishana huku anatazama mvuke. Mtoto akiinama pembeni ili amwone uso, alisikia: “Usinitafute usoni. Jibu halijaandikwa hapa.”

Njia hiyo ilimletea matatizo. Baba mmoja kutoka Bendera alimleta mwanawe, akasimama nje ya uzio kusikiliza, akasikia mwalimu anasisitiza kwa sauti kuu kwamba nusu ya robo ni robo tatu. Akaingia, akamshika mtoto mkono.

“Mama, nimeleta mtoto afundishwe, sikumleta abishane na mtu asiyejua.”

“Hujakosea, baba,” mwalimu alimjibu. “Mpeleke kwa anayejua.”

Walifika kituo cha mabasi. Huko, kwa maelezo ya baba mwenyewe, mtoto alikataa kupanda gari hadi baba akubali kwamba nusu ya robo ni moja ya nane, na aeleze kwa nini. Baba hakuweza kueleza. Walirudi uani jioni ile ile. Yule baba sasa ndiye anayemsifu kuliko watu wote, na kila tukikutana ananisimulia upya, kana kwamba mimi si mwalimu wa hesabu.

*

Mimi mwenyewe nilikwenda kuona. Nilichukua sweta la Nakunda kama sababu. Jua lilikuwa linawaka, na mwalimu wa uani alilitazama sweta, akanitazama mimi, akanisogezea ndoo niikalie karibu na jiko.

Nakunda alikuwa mlalamikaji. Kesi ilikuwa hii: mkulima wa Kihurio alivuna magunia mia ya mpunga. Mwaka uliofuata mavuno yaliongezeka kwa asilimia kumi. Mwaka wa tatu yakapungua kwa asilimia kumi. Je, amerudi kwenye magunia mia?

“Hajarudi,” alisema Nakunda. “Amepata tisini na tisa.”

Mwalimu alikwishageuka, mwiko mkononi. “Kumi imeingia, kumi imetoka. Hilo gunia moja limeliwa na nani?”

“Panya wa Kihurio hao, mwalimu,” alidakia mzee mmoja wa baraza, kijana mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

“Mzee wa baraza hasemi mpaka aulizwe. Mlalamikaji, gunia liko wapi?”

Nakunda alimtazama, akakuta mgongo wa kanga. Macho yake yakahama, yakanijia mimi. Naujua uso wangu unavyofanya. Jibu likiwa sahihi, nyusi zinapanda kabla sijataka. Nilihisi zikianza kupanda.

“Na mgeni ageukie ukuta,” alisema mwalimu, naye hata hakugeuka kunitazama.

Basi niligeuka. Mkuu wa idara ya hisabati, nimekaa juu ya ndoo, nimeelekea bati lililoingia kutu, sweta mapajani. Upepo ulipiga mabati.

“Kumi iliyotoka si ile iliyoingia,” sauti ya mwanangu ilisema.

“Kumi ni kumi.”

“Si kumi, ni asilimia kumi. Ya kwanza imetoka kwenye mia. Ya pili imetoka kwenye mia na kumi. Kwa hiyo ya pili ni kubwa, ni kumi na moja.”

“Mimi nimeanza kufundisha hesabu wewe hujazaliwa.”

“Shikamoo mwalimu. Lakini ni tisini na tisa.”

Benchi zima lilicheka.

“Unasimamia?”

“Nasimamia.”

“Na nikikufukuza hapa?”

“Nitaisimamia njiani.”

Wazee wa baraza walinong'onezana, wakasema ameshinda. Mwalimu hakusema vizuri, hakusema hongera. Aliuliza nani mwingine ana kesi. Nakunda akakaa, na nilipogeuka nilimwona akitabasamu peke yake, akitazama sakafu. Tabasamu lile nilikuwa sijaliona nyumbani kwangu tangu aanze sekondari.

Hesabu ile ile ya asilimia nilikuwa nimemfundisha mimi, mezani kwetu. Alikuwa anaijua. Alichokuwa hana ni mahali pa kuijulia bila macho yangu.

Wiki ile nilijaribu darasani kwangu. Nilimwita mwanafunzi ubaoni, nikageukia dirisha, nikampinga. Mmoja akauliza, “Madam, unaumwa?” Nikasema hapana. Wakaanza kuongea wao kwa wao kama darasa lisilo na mwalimu. Nikageuka tena kuwatazama, na kesi ikaishia pale.

*

Nisimpake rangi ya malaika. Mwanamke huyu aliyewafundisha watoto kupinga, yeye mwenyewe alikuwa hapingiki. Makande yake yalikuwa hayana chumvi. Kila aliyekula alijua. Vijana walioweza kubishana naye juu ya pembetatu mpaka jua linazama waliyala kimya kimya, kwa sababu aliyewahi kutaja chumvi aliambiwa aende akale kwao. Kanisani aliimba sauti ya pili na kila mara alitangulia wenzake, na mwalimu wa kwaya alipomwambia, alihamia mstari wa nyuma, akaendelea kutangulia.

Alikuwa na kesi ya kweli pia. Maji ya paa la jirani yalimwagikia kwenye ukuta wake. Alilipeleka shauri baraza la kata, akashindwa, akakata rufaa. Nilimwuliza kwa nini asichimbe mfereji mdogo tu ukaisha ugomvi.

“Mfereji ni kazi ya mchana mmoja,” alisema. “Hii nimeizoea.”

Kuna pia binti mmoja wa Kihurio. Nalikumbuka jambo lake vizuri, maana kwa muda mrefu lilinifariji, na sioni haja ya kulifanya zuri kuliko lilivyokuwa. Alikuwa mtoto mpole, mwenye akili, aliyepanga chumba hapa mjini na dada yake. Alisimama kwenye kesi yake ya kwanza akiwa na jibu sahihi. Mwalimu akampinga. Akauza ng'ombe. Kesi ya pili, vile vile. Ya tatu hakuja, na baadaye hata shuleni akawa haji vipindi vya hesabu. Nilipomfuata aliniambia, “Madam, hata nikipata, nakuwa nimekosa.”

Nilikwenda uani na habari hiyo, na sitasema nilikwenda kwa huzuni tupu.

Mwalimu alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo nilimshinda,” alisema. “Nilipaswa kushindwa mapema, sikushindwa.”

“Kwa hiyo utabadilisha?”

“Nitabadilisha nini?”

“Njia yako. Si kila mtoto ni wa kupigishwa kelele na bati.”

Alitupa punje mbovu pembeni. “Wewe mchukue,” alisema. “Wewe una uso. Yeye anahitaji uso.”

Nikamchukua yule binti. Nilimfundisha mezani kwangu, nikimtazama na kumtikisia kichwa kila hatua, na alifaulu. Ningelihesabu jambo hilo upande wangu, kama asingekuwa mwalimu wa uani aliyelipendekeza.

*

Sokoni ndiko kulikoniuma zaidi. Wanafunzi wangu wakiniona walihama upande, au walinisalimia kwa sauti ya kuomba radhi: shikamoo madam, wakapita. Yeye walimzunguka. Niliona kundi la vijana warefu wakibishana naye kuhusu nyanya, kama fungu la nyanya sita kubwa ni zaidi ya fungu la nyanya tisa ndogo, na muuza nyanya, mama wa Kiislamu ambaye ndugu zake wana maduka kando ya barabara kuu, akiwa amekaa kama mzee wa baraza bila kuombwa.

“Mama, hawa watoto mnawalipia wajifunze ubishi?” aliniuliza.

“Wanajifunza hesabu,” nilisema.

“Basi hesabu yao imenipunguzia bei.”

Nilicheka, na nilipofika nyumbani nilikuwa bado nimeudhika.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipokuwa mazuri, mkuu wa shule alisimama mbele ya wazazi akaisifu idara ya hisabati na kuniomba nisimame. Nilisimama. Makofi yalikuwa mazuri. Lakini nilikuwa mahali pa kuona vizuri, na niliona vijana waliomaliza wakigeuza shingo kumtafuta mtu ambaye hakualikwa.

Hata sifa zake zilinichoma. Wazazi walipomwuliza anawafundisha nini watoto wao, alijibu kila mara maneno yale yale: “Mimi sifundishi hesabu. Hesabu wanafundishwa shuleni na mwalimu mzuri sana. Mimi nawafundisha kukaa na jibu.” Mwalimu mzuri sana ni mimi. Niliambiwa maneno hayo na wazazi wengi, wakidhani wananifurahisha.

Na siku Nakunda aliponisahihisha darasani, jioni alinipakulia chakula kama kawaida, akaniita mama kama kawaida, akaniuliza kama nimechoka. Nilingoja aseme lolote. Hakusema. Kesho yake baada ya shule alibeba madaftari yake akaenda uani, na kwa kelele za kicheko nilizozisikia kutoka mtaa wa pili nilijua ameisimulia.

*

Mwaka huu magoti yalimshinda. Vumbi na upepo wa Same vilimkohoza, na nyumba ya mama yake Suji ilikuwa inabomoka bila mtu. Akafunga uani, akapanda. Ndipo muuza nyanya akaniambia, huku akinifungia vitunguu, “Hongera mama Nakunda. Binti anarithi uani.”

Nakunda alikuwa hajaniambia kitu. Nilikuwa nimemwonyesha meza kando ya yangu. Alisema asante mama, akapitisha kidole juu ya vumbi la meza, na tangu hapo hakuitaja.

Jumamosi moja nilipanda gari la asubuhi linaloelekea Suji. Sikumwambia Nakunda ninakokwenda. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia: umekuwa naye miaka yake yote mizuri; mimi nimekuwa naye akiwa na homa, akiwa na hasira, akiwa amelala. Mwachie sasa akae na mimi kidogo. Nilipanga pia kumwambia kwamba uani hauna pensheni.

Nilimkuta shambani, amekaa juu ya jiwe, sweta na kanga mbili, jembe miguuni. Ukungu ulikuwa haujainuka. Alikuwa anasubiri zamu yake ya maji. Kule juu wana ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya kijito usiku, na mchana hufunguliwa yakashuka kwa mifereji, kila shamba kwa zamu yake.

“Habari za siku, mwalimu,” alisema. “Karibu jiwe.”

“Nzuri. Pole na magoti.”

“Nimeshapoa. Shemeji yangu ndiye hajapoa. Anasema zamu hii ni yake.”

“Na ni yake?”

“Tutaona barazani.”

Nilikaa. Alinipa muwa, nikaushika bila kuula.

“Nimekuja kwa ajili ya Nakunda.”

“Najua. Usingepanda mlima huu kuja kuniona mimi.”

“Watu wanasema umempa uani.”

“Watu gani?”

“Watu wa Same.”

“Watu wa Same upepo ukitulia wanapuliza wenyewe.”

“Mwalimu, umempa au hujampa?”

Alinigeukia, akanitazama usoni, jambo ambalo sikulizoea kwake.

“Sijampa. Ameniomba.”

Katika kesi yote niliyoijenga njia nzima, yeye ndiye aliyekuwa ameita na Nakunda ndiye aliyeitwa.

“Ameomba lini?”

“Alikuja hapa mahindi hayajachanua. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema anautaka uani, anataka kuwafundisha watoto, na mambo mengine ya kurekebisha bati na kuongeza benchi. Nilimsikiliza. Nikamwuliza, mama yako anasemaje? Akasema hajamwambia. Nikamwambia nenda kamwambie kwanza, ukishamwambia njoo uchukue funguo.”

Nilitazama shamba. Mahindi yalikuwa yamekwishavunwa, mabua yamelazwa.

“Na hajarudi.”

“Hajarudi.”

“Anaogopa nini?”

“Mimi nitajuaje? Nilimwuliza, mbona darasani kwake ulisimama? Akasema, pale ilikuwa hesabu.”

“Na wewe ukasemaje?”

“Nilimchimbia mihogo akabeba.”

Mihogo hiyo niliikumbuka. Nakunda alisema ameinunua kwa mtu njiani. Tuliila kwa chai.

“Ungeniambia,” nilisema. “Hata kwa simu. Ungeniambia, mwalimu mwenzangu, mtoto wako ana jambo.”

“Kwa nini nikuambie mimi? Nimeshaambiwa mengi na mtoto wako kabla yako. Hili nikaona ulisikie kinywani mwake mwenyewe.”

Alilisema bila majivuno, akitazama juu mlimani kama maji yanakuja. Hilo ndilo nililoshuka nalo. Alijua siku zote kwamba ananichukulia kitu, na sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe ananirudishia kipande chake, na hata kurudishiwa huko kulikuwa kwa hisani yake.

Nikamwuliza lile nililokuwa sijapanga. “Angekuwa wako, ungemwambia nini? Uani au shule?”

Wakati huo maji yalifika. Yalikuja na majani na povu, yakagonga kizuizi cha matope, na mwalimu wa uani alisimama kwa magoti yake yale, akashika jembe, akaanza kufungua mfereji. Chini ya bonde mwanaume mmoja, bila shaka yule shemeji, alipaza sauti kwa Kipare kwamba maji yale si yake. Naye akampazia sauti vile vile. Nilisubiri wamalize. Hawakumaliza. Gari la kushuka likapiga honi barabarani, nikaaga kwa mkono, naye akaniaga kwa jembe.

*

Nilifika nyumbani jioni. Nakunda aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa na shughuli ya kanisa. Akasema viatu vyangu vina tope jekundu. Nikasema ndiyo, kulikuwa na tope. Alivichukua akaviosha.

Mkuu wa shule ameshaniuliza tena kama binti anakuja, maana kuna kijana mwingine anayeomba kujitolea. Nimemwomba anipe muda.

Juzi mchana alikuja mlangoni binti wa kidato cha pili, sare imejaa vumbi, vitabu vya hesabu kwapani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Mwalimu yupo?”

“Mwalimu ni mimi. Kuna nini?”

Alisita, akabadilisha mguu wa kusimamia. “Samahani, madam. Namwuliza mwalimu wa uani. Tumeambiwa ni dada Nakunda. Tunaomba kujua atafungua lini.”

Nakunda alikuwa jikoni, hatua chache nyuma yangu, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia kila neno, kama nami nilivyosikia.

“Sijui,” nilimwambia yule mtoto, na ilikuwa kweli.

Akashukuru, akaondoka. Usiku tulikula wali na mchicha. Nakunda alizungumza juu ya mvua, nami nikazungumza juu ya mvua. Hajaniambia bado juu ya uani, nami sijamwambia kwamba nilipanda Suji.